Kimegusa

Kijana aliyepangwa kunikaba
kwanza alinisalimu.
Shikamoo, akasema, macho chini,
nikaitika marahaba kwa sauti ya mwenye nyumba,
na kabla neno halijaisha mdomoni
alikuwa ameshafika kona ya mbali,
kisahani kimemkuta kule, cheupe, kimetulia,
kama kilimsubiri tangu Ijumaa.

Moja bila.

Saa mbili asubuhi, Moshi, uwanja wa chuo.
Kibo kilichungulia kidogo, kikavuta shuka, kikalala tena.
Wahitimu tuko wanane kwa nafasi saba:
Ndekirwa wa benki, na tumbo lake la benki;
Namsifu aliyewaacha watoto kwa mama mkwe Kiboriloni
akasema anakwenda kikaoni;
Eliaichi na kopo zima la dawa ya kuchua;
wengine wawili niliowasahau majina, nikawaita "kamanda";
Mbazi, kipara sasa, aliyepanda basi la alfajiri kutoka Same;
Senzota, ambaye hajawahi kuzeeka, Mungu anamwona;
na mimi, na viatu vya mwaka ule,
soli ya kushoto ikaniaga pointi ya tatu.

Sisi tulianza na kifuniko cha ndoo ya rangi.
Kilikwenda kombo, kilimrudia aliyekirusha,
kilimchana Ndekirwa nyusi, kovu analo,
wapita njia wakauliza kama chuo kimefungua kozi ya wendawazimu.
Hawa wana visahani vyenye nembo, wana jezi,
wana Nashipai wa mwaka wa pili
ambaye akirusha, kisahani huuzunguka upepo
kama mtu anayekwepa duka analodaiwa.

Saa nne upepo ulishuka kutoka mlimani.
Samahani baba, alisema kijana, akanipita.
Pole baba. Akanipita.
Kumi na mbili kwa tano.

Mchezo huu hauna refa.
Hilo ndilo marehemu baba hakulielewa:
hakuna filimbi, hakuna kadi, hakuna mtu wa kumtukana.
Ukimsukuma mwenzio, unasema umemsukuma.
Kikigusa nyasi, unasema kimegusa.
"Na mwongo?" aliuliza baba.
Nilicheka. Sikumjibu.

Basi Namsifu akakirusha juu, juu mno,
nikakimbia, mguu mmoja kiatu, mmoja soksi,
nikaruka, au tuseme nilianguka kwa makusudi,
nikateleza kifudifudi juu ya nyasi na vumbi jekundu,
kikawa mkononi.

Uwanja ukalipuka. Hata wapinzani. Hata mama wa vitumbua.
Kijana wa shikamoo akanipa mkono aninyanyue:
"Safi sana, baba."
Hakuna aliyeona. Mwili wangu uliziba.
Ukingo tu, unene wa ukucha;
unyasi mmoja ulikuwa umeviwahi vidole vyangu.

"Kimegusa," nikasema.
"Una hakika?"
"Kimegusa."
Akanitazama kidogo, akakichukua,
na kwa mirusho minne wakatumaliza.

Baadaye, kwenye kivuli cha ukuta wa bweni,
mtori umegawiwa kwa vikombe vya plastiki,
Mbazi alikuwa anajifunga bandeji kifundoni.
Fainali ya mwaka ule alikuwa upande wa pili.
Yeye ndiye aliyeniuliza, hatua mbili tu kutoka kwangu,
nami nikainua kisahani cha kuazima nikasema nimedaka,
akaniamini, akanishika mkono,
na kombe likaenda kabatini. Nimeliona leo asubuhi.
Mpini mmoja una kutu.

Alimaliza kufunga. Hakuinua uso.
"Na kile kingine?" akasema.

Mtori ulikuwa wa moto. Nikapuliza.
Nikapuliza tena.
Pale uwanjani Nashipai alikuwa akiwafundisha watoto wa mlinzi,
na mmoja, mkono haujazoea, akakirusha huku kwetu;
kikatua mbele ya miguu yetu,
kikazunguka kwa ukingo wake,
kikachelewa kulala.